Tisini Inatosha

Suruali za shemeji yangu hazikufa kwa uzee, zilikufa majini. Jioni anazivua zikiwa nzima, dada anaziloweka, na akizikamua zinabaki mkononi vipande vipande. Asidi ya betri ndivyo ilivyo: inakula kitambaa mchana kutwa kimya kimya, halafu inangoja sabuni ndipo ijitangaze. Dada alikuwa na ndoo nzima ya matambara yaliyokuwa suruali, na kila mgeni aliyekanyaga jikoni kwake alionyeshwa.

"Hebu niambieni," alikuwa akisema, "nimeolewa na mwanamume au na betri?"

Shemeji alikuwa fundi wa vigari vya umeme kwenye klabu ya gofu, vile vigari vya viti viwili wanavyopanda watu wazima wenye miguu yao mizima ili wasitembee kutoka shimo moja hadi jingine. Vigari vilikuwa thelathini. Mimi nilikaa dirishani mapokezi nikitoa funguo. Dada aliendesha kigari namba nne, cha vinywaji, akiwazungushia wachezaji soda na maji baridi tangu asubuhi. Watu watatu wa ukoo mmoja tulikula jasho la uwanja mmoja, na tukikutana mezani kwa dada mada ni ile ile.

Jina la shemeji la kazini lilikuwa Maji. Kila Jumatatu kwa miaka kumi na tisa alifungua vifuniko vya betri za zamani, zile za madini ya risasi na asidi, sita kwa kila kigari, akizinywesha maji moja baada ya nyingine kwa birika la plastiki. Nilikuwa nikimpelekea chai naishia mlangoni. Lile banda lilinuka mayai viza. Vichwa vya betri viliota ukoko mweupe wenye rangi ya kijani pembeni, wa ungaunga, kama kitu kilichosahauliwa nyuma ya jokofu, na yeye aliukwangua kwa mswaki mkuukuu huku akikohoa. Akimaliza anatema makohozi kwenye kitambaa, anakunja, anatia mfukoni, anapokea kikombe cha chai kwa mkono ule ule. Nilikuwa naangalia pembeni. Nampenda shemeji yangu, lakini sitasema uongo, kile kikombe nilikuwa nakiosha peke yake.

Daktari alimwambia aachane na ule mvuke, kifua chake hakina miaka mingine kumi na tisa ya kuupokea. Aachane nao aende wapi? Akaanza kuiomba kamati inunue betri za lithiamu. Hazinyweshwi maji, hazitoi mvuke, na moja nyepesi inafanya kazi ya sita nzito. Aliomba miaka minne. Barua zake nilikuwa nazichapa mimi, kwa hiyo najua jinsi zilivyoandikwa kwa adabu, na najua kwamba mbili kati ya hizo zilirudi na alama ya kikombe cha kahawa juu yake.

Mwaka wa tano wakakubali. Msidhani ni kwa ajili ya kifua cha mtu. Klabu jirani ilikuwa imenunua, na Mwenyekiti wetu alikwenda kucheza kule akarudi kanuna.

Siku ya kuchagua, wauzaji walileta betri tatu, zikapangwa kwenye meza ya kamati juu ya kitambaa cheupe, katikati ya sahani za biskuti. Fundi aliitwa, ila aliambiwa aingie kwa mlango wa nyuma na avue viatu, kwa sababu zulia lilikuwa jipya. Basi mtu pekee mle ndani aliyewahi kushika betri akasimama mbele ya waheshimiwa na soksi zilizotobolewa na asidi, kidole gumba kikichungulia. Mimi nilikuwa naandika kumbukumbu za kikao. Nilikiona kile kidole, na nilimwona Katibu akikiona.

Huyo Katibu nimweleze kidogo. Ni mtu wa kulamba kidole kila anapofunua ukurasa. Si kukigusisha mdomoni, ni kukilamba hasa, mpaka kung'aa, halafu anafunua brosha, halafu anachukua biskuti, anaigeuza, anairudisha sahanini na kuchukua nyingine. Hadi leo biskuti za mviringo sizili.

Muuzaji aliyesimama kuzungumza tulimwita Bwana Tai, kwa ile tai yake iliyomfika chini ya mkanda. Alijipiga kifua nusu saa. Betri yake ilikuwa ya kijani, na jina lake limeandikwa kwa dhahabu. Ilikuwa na programu ya simu: ukiwa umekaa zako unaona kila kigari kimejaa asilimia ngapi. Mwenyekiti aliishika simu, akaitazama kama aliyeonyeshwa picha ya mjukuu.

Shemeji akanyoosha mkono kama yuko darasani.

"Samahani, mzee. Kigari kikiteremka mlima, mota inageuka, inazalisha umeme. Hiyo ndiyo inayokizuia kisikimbie. Ule umeme unarudi kwenye betri. Sasa betri ikiwa imejaa pomoni, unaingia wapi?"

Bwana Tai alicheka. "Fundi, hii betri ina akili. Ina ulinzi wake ndani. Ikizidiwa inajizima yenyewe."

"Ikijizima, kigari kinashikwa na nini?"

"Na breki, ndugu yangu. Kwani vigari vyenu havina breki?"

Wakacheka wote. Na mimi nilitabasamu, maana meza nzima ikicheka na wewe ndiye unayeandika, uso unajifungua wenyewe.

Lakini mtu yeyote aliyefanya kazi pale wiki moja tu angejua shemeji anauliza nini. Klabu yetu iko juu kilimani, na banda la kuchajia liko nyuma yake. Uwanja uko chini. Kila asubuhi vigari vinachomolewa kwenye chaja vikiwa vimeshiba, na kitu cha kwanza kabisa vinachofanya ni kuteremka njia ya saruji, mita mia mbili, yenye kona mwishoni na ukuta mfupi wa mawe kando ya bwawa. Sehemu nyingine mtu anachaji bondeni halafu anapanda. Sisi tulichaji juu halafu tukateremka. Na wa kwanza kuteremka, kabla umande haujakauka, alikuwa namba nne, amebeba barafu, makreti na dada yangu.

Shemeji aliichagua betri ya kijivu. Ilikuwa mbaya ya sura, kama sanduku la viatu. Alieleza kwamba ulinzi wake unazungumza na mota: ikikaribia kujaa inaiambia mota ipunguze mwendo mapema, haikati ghafla. Alieleza vizuri, polepole, akionyesha kwa mikono. Katibu alilamba kidole.

"Makoti yetu ni ya kijani," alisema Mwenyekiti. "Hii inaendana."

Nikaandika: kamati imechagua ya kijani. Shemeji akaomba angalau zinunuliwe pedi mpya za breki kwa vigari vyote, maana zilizopo zimelika zimekuwa nyembamba kama ukucha. Katibu akasema betri mpya, tena na breki, kesho mtataka na matairi ya ndege. Nikaandika na hilo, ila matairi ya ndege niliyaacha.

Sasa mwone huyu mtu ni wa namna gani. Wengine wangenuna. Yeye, zilipofika zile betri, alifika kazini alfajiri siku sita mfululizo, akajaza mifuko ya mchanga yenye uzito wa barafu na makreti, akaipakia namba nne, akateremka nayo mwenyewe. Betri ikiwa asilimia mia, katikati ya mteremko kigari kilizima na kuanza kukimbia, na breki ya mguu ikakishika kwa shida kwenye ua la michongoma kando ya njia. Alirudi na mikwaruzo shingoni. Akaishusha chaja ikomee tisini na tano. Kikazima karibu na kona. Akashusha tisini. Kikateremka kipole mpaka chini, kwa sababu kulikuwa na nafasi ya kupokea ule umeme unaorudi. Akarudia mara tano. Kisha akaenda kigari hadi kigari, vyote thelathini, akaziweka chaja zikomee tisini.

Kikomo cha chaja kiliwekwa kwa ile programu, nayo ilikuwa kwenye simu mbili, yake na ya mapokezi ninayoshika mimi. Alikuja dirishani.

"Shemeji, ona hapa. Hii namba usiiguse. Tisini inatosha."

"Sawa."

"Unajua kwa nini?"

"Shemeji, nimesema sawa."

Nilikuwa nimechoka. Miaka yote hiyo mezani ni betri, kwenye harusi ni betri, siku ya msiba wa baba yake mdogo alimweleza mchungaji habari za betri. Alinieleza kwa nini, na mimi nikaitikia hm, hm, nikihesabu funguo. Kwa hiyo nisije nikasema sikuambiwa.

Miezi miwili ikapita vizuri. Banda likaacha kunuka. Kikohozi cha shemeji kikapungua, suruali zake zikaanza kuchakaa magotini kama za watu wengine, na dada akaitupa ile ndoo ya matambara. Tulifanya sherehe ndogo siku hiyo, ya soda na kucheka.

Kasoro ilikuwa moja. Kila asubuhi nilimpelekea Katibu karatasi ya asilimia, na kila asubuhi ilisoma tisini, tisini, tisini. Mwenyekiti akaiona. Akasema kule klabu jirani zao zinasoma mia.

Jioni moja shemeji alikuwa hospitali, siku yake ya kupimwa kifua. Katibu akaja dirishani, kijiti cha meno mdomoni, akakichomoa, akakitazama kilichotoka nacho, akakirudisha.

"Hivi huyu fundi wenu anatuibia kumi zetu anapeleka wapi? Tulinunua mia."

"Amesema tisini ndiyo salama, Bwana Katibu."

"Salama ya nani? Wewe si unayo hiyo simu? Sogeza."

"Labda nimpigie kwanza."

"Unampigia fundi umwombe ruhusa yangu?" Akaegemea dirisha, pumzi yake ikanijia na harufu ya nyama iliyokwama. "Au na mapokezi tutafute mtu mwingine anayejua kutumia simu?"

Nilisogeza. Kidole changu hiki cha shahada, namba moja hadi thelathini. Kilikuwa kitu cha kuteleza tu, mstari mdogo unausukuma kulia, na kila ukifika mwisho simu inalia kidogo kwa furaha. Nilipofika namba nne sikusimama. Nilijiambia kesho asubuhi nitamweleza shemeji, atarudisha. Katibu akasema "umeona?" akaenda zake, na kile kijiti alikiacha kwenye kidirisha changu. Nilikisukuma chini kwa kalamu.

Asubuhi dada alifika saa kumi na mbili na nusu. Shemeji alikuwa hajafika, alikuwa amepitia kuchukua majibu yake. Nilimpa dada ufunguo mwenyewe, mkono kwa mkono.

"Eh, leo namba nne kimeshiba!" alisema akiangalia taa. "Mia kwa mia. Mume wangu kalegeza mkono wa birika."

Nilifungua mdomo. Simu ya mezani ikalia, mteja anauliza kama kuna ukungu. Nikamjibu hakuna. Nilipoweka mkono wa simu, dada alikuwa ameshaondoka, na nilisikia chupa zake zikigongana ndani ya makreti, polepole, kama kila siku. Halafu sauti ikabadilika. Zikaanza kugongana haraka, haraka zaidi, na dada akaita jina la mume wake, lile jina lenyewe ambalo hapa kazini hakuna anayelitumia.

Nilikimbia na viatu vya kisigino. Kigari kilikuwa kimelala ubavu kwenye ule ukuta wa mawe, tairi moja bado linazunguka. Dada alikuwa chini yake kuanzia kiunoni. Barafu ilikuwa imetapakaa kwenye nyasi, imeanza kuyeyuka na kuwa na rangi. Wachezaji wanne waliokuwa wakijinyoosha hapo karibu walikuja. Wawili wakashika kigari, sitawanyima haki yao. Wa tatu akamuuliza wa nne kama hii itachelewesha shimo la kwanza. Na huyo wa nne, mtu mzima wa suruali nyeupe, aliinama, nikadhani anamshika dada mkono. Aliokota soda. Akaifuta kwenye paja, akaifungua, akanywa, akasema, "Bado ya baridi."

Nimeona panya aliyevimba ndani ya pipa la maji ya kunywa. Nimemuuguza bibi yangu vidonda vya mgongoni. Sijawahi kuona kinyaa kama lile koo likipanda na kushuka.

Mguu ulivunjika mara mbili na nyonga ikateguka. Daktari alisema kama kigari kingeuruka ule ukuta, bwawa lingemaliza kazi.

Siku ya nne kamati ilikaa. Biskuti zilikuwepo. Katibu, yule yule, alifumba mikono juu ya meza, akatazama dari, akauliza kwa uchungu mwingi, "Tunachotaka kujua ni kimoja. Nani aliongeza hizi chaja kutoka tisini bila idhini?"

Nilikuwa nimeshika kalamu ya kumbukumbu. Alinitazama mara moja tu, kwa upole kabisa, kama watu wanaoshirikiana siri ya mapenzi. Nikaliandika swali lake neno kwa neno. Chini yake nikaacha nafasi tupu ya jibu.

Shemeji, akiwa na soksi zake, alitoa simu yake mfukoni. Akaitazama muda mrefu. Akairudisha.

"Vigari viko chini yangu," alisema. "Niandikieni mimi."

Wakamwandika yeye. Barua ya onyo, na mimi ndiye niliyeichapa.

Nilimkuta bandani. Lilikuwa safi, halina harufu, na nilitamani ule uvundo wa zamani ungekuwepo ili niwe na sababu ya kusimama mlangoni.

"Saa kumi na moja na dakika kumi na mbili jioni," alisema bila kugeuka. "Simu ya mapokezi. Ile programu inaandika kila kitu, shemeji."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema wangekutoa wewe, na Katibu angebaki na biskuti zake. Mimi hawanitoi, hakuna mwingine anayeyajua haya madude." Akafuta mikono iliyokuwa safi. "Ila dada yako akiniuliza, sitamdanganya. Hajaniuliza bado. Afadhali asikie kwako."

Hakuniuliza kwa nini nilifanya. Angeuliza ningejitetea, na nadhani alilijua hilo.

Chaja zilirudi tisini wiki ile ile. Pedi za breki zikanunuliwa. Sasa hivi Katibu akitembeza wageni anawaonyesha vigari na kuwaambia kwamba tisini ni uamuzi wa kamati, walikaa wakaufikiria. Nimemsikia kwa masikio yangu, nikiwa namkabidhi ufunguo.

Kwa majuma saba nilikwenda kwa dada kila nikitoka kazini. Nilimpikia, nilimwogesha, nilimsuka. Yeye hakuwa na uchungu na mume wake hata chembe. Alisema yule bwana angekata mkono wake kabla ya kugusa ile namba, kwa hiyo ni mtu mwingine, na mume wake anamficha kwa huruma zake za kijinga. Kila siku nilijiambia leo. Kila siku nilipata sababu: amelala, ana maumivu, amefurahi, nisimharibie. Nilijikuta natafuta mabaya ya Katibu ya kumsimulia, kijiti chake, kidole chake, na dada anacheka mpaka anashika nyonga. Nilikuwa nampaka Katibu matope yote ili yasibaki ya kunipaka mimi.

Juzi walimwondoa plasta. Mguu ulitoka mwembamba, umepauka, na ngozi iliyokufa imeganda kama magamba, na harufu yake ilijaza chumba. Dada aliona haya, akataka kuufunika kwa kanga. Nikaleta beseni la maji ya uvuguvugu, nikakaa chini, nikaanza kuuosha. Ngozi ilitoka kwa mafungu na kuelea juu ya maji, ikanishika kwenye vidole. Cha ajabu sikuona kinyaa chochote. Nilisugua polepole katikati ya vidole vyake, kama alivyonisugua yeye nilipokuwa mdogo.

"Una mkono mwepesi, mdogo wangu," alisema, akiwa amefumba macho. "Ule mwingine, uliogusa ile namba, huwa nauwaza sana. Natamani siku moja niuone tu. Niutazame."

Nikauacha mguu wake ndani ya beseni. Nikautoa mkono majini, ukiwa na ngozi yake bado imeshikamana kwenye kidole cha shahada, nikauinua mbele yake.

"Dada," nikasema, "ni huu."

Alifumbua macho. Aliutazama mkono, kisha mimi, kisha mkono tena, na nje nilisikia shemeji akivua viatu mlangoni, asiingie. Mguu hakuuondoa.

"Maliza kuosha," akasema.